Beringi ya Nyuma

Langas, Eldoret
18 Machi 2008

Mzee Gichuru,

Katekista wa kanisa lenu ndiye aliyeniambia kwamba mmetoka kambini na mko Nakuru kwa ndugu yake mkeo Nyakio. Nilimshukuru Mungu, nikakaa kwenye kiti nikalia kidogo, kisha nikaamka nikapika chai. Siku hizi mambo yangu huenda hivyo.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta beringi ya nyuma ya kisiagi, ile ambayo miaka yote ya ufundi wako hapa kwangu hukuruhusu mtu mwingine aiguse. Imekufa. Ilianza kulia, halafu ikapata moto mpaka grisi ikatoa moshi. Nilimwita Okello, yule fundi wa pampu wa mjini, akaweka beringi kama zile za magurudumu, akasema zote ni kitu kimoja. Haikumaliza wiki. Mawe yalikuwa yakirudi nyuma yenyewe na mahindi yanatoka yamevunjika tu, ya kulisha kuku.

Kazi iko nyingi. Asubuhi akina mama wanapanga foleni mpaka karibu na kibanda cha mboga cha Nanzala, wa mahindi na wa wimbi. Usinipigie simu, maana injini inanguruma kutwa na hatutasikilizana. Andika, utume kwa ofisi ya shuttle, zile matatu za Nakuru, kama nilivyofanya mimi.

Shida yangu ni Kipkorir. Unamjua shemeji yangu. Tangu Kipkirui wangu azikwe anasema kisiagi ni mali ya ndugu yake na mimi ni mtu wa kuolewa tu. Sasa ameapa kwamba siku kitakaponyamaza atawaleta watu wa chuma chakavu wakipime wakibebe, kwa sababu ploti ina jina lake. Nimemjibu kwamba hakitanyamaza, Gichuru anarudi. Kwa hivyo rudi, Mzee. Kile chumba cha nyuma nimekipaka chokaa.

Nyakio kifua chake kinaendeleaje?

Jebet, Mama Kipyego


Nakuru
2 Aprili 2008

Mama Kipyego,

Tumefika kweli, na tunalala ndani ya nyumba yenye ukuta. Nyakio anakohoa. Anakusalimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Okello alikosea, lakini simlaumu sana, mafundi wengi huanguka hapo. Beringi ya kawaida hubeba mzigo unaoikalia shafti kwa juu, kama mtu mwenye gunia begani. Ya nyuma kazi yake ni nyingine. Unapozungusha usukani ili mawe yabanane, shafti nzima inarudi nyuma, na hiyo beringi ndiyo inayosukumwa mgongoni na kukataa kusogea. Ukiweka ya gurudumu pale, inasukumwa upande ambao haikutengenezewa, inaachia, na mawe yanaachana.

Ukienda dukani usiseme unataka beringi ya kisiagi, watakupa yoyote iliyokaa mbele yao. Nenda na ya zamani mkononi, usome namba iliyochongwa ukingoni. Kama imefutika, wapimie unene wa shafti, upana wa nje na kimo chake. Ile tunayotaka ni sahani mbili za chuma na gololi katikati, zimeshikwa na kizimba chake. Sahani zinafanana, lakini ziangalie vizuri. Moja tundu lake limebana kidogo. Hiyo inashika shafti na kuzunguka nayo. Nyingine tundu limelegea, na hiyo inakaa kimya kwenye nyumba yake bila kuzunguka. Ukizibadilisha, shafti itaisugua ile iliyokaa kimya mpaka zote mbili ziharibike. Zijaribu kwa mkono kabla ya kufunga chochote. Osha mikono na ufagie, kwa sababu vumbi la unga likiingia kwenye grisi linakuwa msasa.

Hii yako ina michirizi kwenye sahani, imeungua rangi ya chai. Nadhani ilikosa grisi. Januari, watu wakichomeana nyumba, nani angeipaka? Nimekutumia nyingine. Paka grisi ya kutosha, lakini usiijaze pomoni, itapata joto.

Kuhusu kurudi, naomba usiniulize tena. Nyumba yangu haipo. Mabati yake niliyaona yakipita barabarani kichwani mwa mtu ambaye tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi, na hata siku hiyo karibu anisalimie. Sina nguvu ya kuanza upya na mtu wa namna hiyo. Hapa nimefungua karakana ndogo, kazi haikosekani.

Gichuru


Langas, Eldoret
11 Mei 2008

Mzee Gichuru,

Nilifuata kila ulichosema. Nilifunga mwenyewe, sahani iliyobana kwenye shafti, iliyolegea nyuma. Nilipaka grisi kwa kidole kama unavyofanya. Ilizunguka vizuri sana wiki za kwanza, mpaka nikajisifu mbele ya Nanzala. Sasa imeanza tena kulia ile sauti nyembamba. Nimeitoa kabla haijaungua, hiyo hapo.

Labda ni wingi wa kazi. Foleni imezidi tangu mvua zianze, wengine wanarudi nyumbani jioni bila kusagiwa. Kipkorir hupita kila asubuhi akienda kwenye ng'ombe wake, anasimama pale kwenye mlingoti wa nyaya za stima, anasikiliza, anaondoka. Kwa hivyo naomba nyingine haraka. Siku mbili za kimya ni nyingi sana kwake.

Sitakuuliza kuhusu kurudi, umesema nisikuulize. Lakini chokaa ya kile chumba bado ni nyeupe.

Jebet


Nakuru
19 Mei 2008

Mama Kipyego,

Beringi ndiyo hiyo. Nilikuwa nayo tayari, ndiyo maana imekuja haraka. Ya zamani sijaitazama, nimeiweka kwenye sanduku pamoja na ile nyingine. Nimetoka kazini jioni nikiwa nimechoka na barua yako ikanichosha zaidi.

Nilimsomea Nyakio ile sehemu ya foleni. Akaniuliza hao wanaopanga foleni ni akina nani. Nikamwambia ni wale wale. Watu waliotufukuza nao wana njaa, nao wanapenda unga laini, na mimi huku ninawachagulia beringi ili wale vizuri. Nyakio akageukia ukuta.

Ulichotufanyia siku ile sitakisahau mpaka niingie kaburini. Ndiyo maana nakutumia vyuma hivi, na nitatuma tena ukihitaji. Lakini nakuomba, mama, usiniandikie tena habari ya foleni. Furahi nayo huko. Biashara ikuendee vizuri.

Gichuru


Langas, Eldoret
30 Julai 2008

Mzee,

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu barua yako ilinipiga mahali ambapo sina ngozi. Ulikuwa na haki ya kuandika vile. Hukuwa na habari yote, lakini haki ulikuwa nayo.

Hii ni beringi ya tatu. Nayo imelia. Kama umechoka, usitume nyingine. Nitajua la kufanya.

Jebet


Nakuru
9 Agosti 2008

Mama Kipyego,

Leo nimezitoa zote tatu, nimeziosha kwa mafuta taa na kuzipanga mezani karibu na dirisha. Ningefanya hivyo mapema kama hasira haingenifunga macho.

Mbili za mwisho ulizifunga vizuri kabisa. Alama za shafti ziko kwenye sahani inayotakiwa. Grisi ni safi, sikuona hata chembe ya unga ndani yake, na hilo peke yake lingenishtua. Kisiagi chenye foleni ya wimbi kina unga mpaka kwenye nyusi za mwenyewe. Halafu ile michirizi. Nilisema ya kwanza ilikosa grisi, nikakosea, kwa sababu hizi mbili zilikuwa na grisi tele na zimechubuka vile vile.

Beringi ya namna hii inaweza kufa kwa kusukumwa kupita kiasi. Ikifa hivyo, sahani inamenyuka vipande vipande. Hizi hazijamenyuka. Hizi zimekosa kusukumwa. Gololi ikikandamizwa inabingirika, lakini isipokuwa na kitu cha kuikandamiza na injini inaizungusha kwa kasi, inateleza tu kama mtu kwenye tope la Langas, na inachubua sahani mpaka chuma kinaungua. Hiyo hutokea kwa njia moja tu. Mtu amewasha injini, amerudisha usukani mawe yasigusane, na hopa, pale pa kumiminia mahindi, haina kitu.

Ya kwanza sasa naijua. Ni ile siku mimi na Nyakio tulikuwa tumejificha stoo kwako, kati ya magunia, na kifua kilimbana. Uliwasha kisiagi kitupu asubuhi ukakiacha kikinguruma mpaka giza, ili wale waliokuwa barabarani wasisikie anavyokohoa. Nilisikia beringi ikilia. Nilijua inakufa, nikamshika Nyakio mdomo, sikuwaza zaidi.

Lakini hizi mbili, Mama Kipyego? Sisi hatumo tena ndani ya stoo. Unamficha nani safari hii?

Gichuru


Langas, Eldoret
24 Agosti 2008

Mzee Gichuru,

Hakuna mtu stoo. Hakuna mtu popote. Hata panya wamehama.

Ile asubuhi lori la polisi lilipokuja kuwachukua, mlitoka kwangu jua likiwa limewaka na kila mtu akaona mlango mliotokea. Hakuna aliyenitukana. Hakuna mkutano ulioitwa. Nilifungua kisiagi Jumatatu iliyofuata nikasubiri, nikafungua Jumanne, na tangu siku hiyo hajaja mtu na hata kikombe cha mahindi. Wananisalimia kanisani, wananiuliza habari za ng'ombe. Chebet, mke wa Kipkorir, ambaye nilimlea mtoto wake akiwa mgonjwa, anapita hapa na debe la wimbi kichwani akienda kisiagi cha kule chini, na akifika mbele ya dirisha langu anaangalia upande ule mwingine. Nanzala na mume wake Wanyonyi hawana chuki na mimi. Wao ni watu wa Bungoma, si kabila lenu wala letu, wanaogopa kuonekana wamechagua upande.

Foleni niliyokuandikia ni ya mwaka jana. Niliikumbuka tu nikaiandika.

Kwa hivyo naam, nawasha kitupu, sasa kwa ile beringi mbovu ya Okello. Kila asubuhi, kabla Kipkorir hajapita, mpaka aondoke na hata zaidi. Nimeuza kuku karibu wote kwa sababu ya dizeli. Nilidhani kisiagi kisipofanya kazi hakichakai. Hilo hukuwahi kunifundisha, kwa sababu wakati wako hakikuwahi kukosa kazi.

Sikukuambia kwa sababu ungeubeba mzigo huu. Ungekaa huko Nakuru ukihesabu kwamba ninyi mmepona na mimi nimekufa njaa, na sitaki mtu wa kunihesabia. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa kwangu. Kesho nitafanya hivyo tena, na bado nimechoka, Mzee. Nimechoka na nimekasirika, na usiku nikilala nasema laiti mngekimbilia kwa jirani mwingine. Nisamehe kwa hilo. Asubuhi huwa sisemi tena.

Kipkorir amegundua. Mtu alimwambia kwamba injini inalia lakini hakuna unga unaotoka. Amesema atakuja na mizani ya chuma chakavu mwisho wa Septemba. Ndiyo hali yenyewe, sasa unayo yote.

Jebet


Nakuru
6 Septemba 2008

Mama Kipyego,

Nimesoma, Nyakio amesoma. Amelia kwa sauti, kitu ambacho hajafanya tangu Januari.

Nami nikuambie la kwangu. Sina karakana. Nalinda duka la vipuri, mlangoni, na rungu. Mwenye duka akijua mteja amechanganyikiwa huniita ndani nimwoneshe beringi, kisha narudi mlangoni. Hizo nilizokutumia alinipa kwa sababu hiyo. Niliona aibu kukuandikia.

Beringi ya nne ndiyo hiyo, ifunge mwenyewe, unajua sasa kama mimi. Usiiwashe. Iache na grisi yake na uifunike.

Jumamosi tarehe ishirini nitakuja na gunia la mahindi ya shemeji yangu. Usinifungulie mlango wa fundi. Nitasimama dirishani upande wa wateja na debe langu, mchana, watu wakiniona, mpaka uniambie zamu yangu imefika. Beringi inataka mzigo na mimi ndio mzigo nilio nao. Nyakio hataki nije, tumegombana kwa mara ya kwanza tangu tufike hapa. Na mimi naogopa. Nikifika Burnt Forest, kule njiani kulikochomwa nyumba, miguu ikakataa, nitashuka nirudi, na usinilaumu.

Gichuru


Langas, Eldoret
2 Oktoba 2008

Mzee Gichuru,

Katekista amenipigia simu kwamba ulirudi Nakuru salama na unga ukafika salama. Nimengoja mpaka nijue mwisho wa mambo ndipo niandike.

Ulidhani nilichelewa kuwasha injini kwa sababu ya dizeli. Sivyo, nilikuwa nimeuacha mpini, nakutazama. Nilikuwa nakuona kwenye dirisha, umesimama peke yako na debe miguuni, umevaa koti la kanisa, na vijana pale kwenye kinyozi wote wanakutazama mgongo. Nilisema moyoni wakikugusa natoka na nyundo ya kuchongea mawe. Ndipo Nanzala akatoka kwake na beseni la mahindi, akavuka barabara, akasimama nyuma yako. Hakukusalimia. Lakini unajua desturi ya kisiagi, anayemkuta mtu anasimama nyuma yake, na ukishakuwa na mtu nyuma yako hiyo ni foleni. Nilipozungusha usukani na mawe yakashika mahindi yako, ile beringi ilitulia. Sijasikia sauti kama hiyo tangu mwaka jana. Nililia ndani ya unga, wewe ukafikiri ni vumbi.

Ulipoondoka, Nanzala alinunuliwa mboga zake kama kawaida. Hakuna aliyemfanya kitu. Jumatatu wakaja akina mama wengine wawili wa Bungoma. Jumatano akaja mwalimu mmoja wa kwetu, Mnandi kama mimi, akasema tu kwamba kule chini ni mbali.

Kipkorir alikuja na watu wake wa chuma na mizani yao juu ya mkokoteni. Alikuta watu wanne dirishani, na wa mwisho alikuwa Chebet, mke wake, na debe la wimbi. Alimsogelea. Akamuuliza anafanya nini hapo.

"Nasaga," Chebet akasema.

"Si huwa unaenda kule chini?"

"Kule chini unga wao una mchanga. Umekuwa ukiula, hukuwahi kusema."

Watu wengine walicheka kidogo, na hicho kicheko ndicho kilichonisaidia. Kipkorir aliwaambia wale wa mkokoteni warudi. Hakuniangalia. Chebet naye hakuniomba msamaha, alinipa debe tu, na nilipomrudishia likiwa na unga alinishika kidole akakiachia. Najua Kipkorir atakuja tena siku nyingine na neno lingine, lakini kwa sasa kisiagi kipo na kinafanya kazi.

Sasa nikuambie lile ambalo limenifanya nichelewe kuandika. Jana alikuja yule aliyebeba mabati yako. Hukumtaja jina na mimi sitamtaja, hapa kila mtu anamjua. Alikuja na gunia zima kwenye baiskeli. Akaniuliza kama ni kweli ulikuja. Nikasema ndiyo. Akatazama chini, akasema, "Anaendelea vizuri?" Nilitaka kumtupia debe usoni. Nilimsagia, Mzee. Nilisaga gunia lake lote mpaka mwisho, laini, kwa sababu wateja ni wachache na Kipkorir anasikiliza, na nilichukia kila punje. Ulinikataza habari ya foleni, lakini hii singeweza kukuficha.

Usiku mzima nimefikiria, na nimefuta lile neno langu la Machi. Usirudi kukaa. Nilikuandikia urudi kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu, si kwa sababu huku palikuwa tayari kwako. Ungeamka kila siku umwamkue yeye, na mimi ndiye ningekuwa nimekuomba. Kile chumba nimempangisha yule mwalimu. Kaeni Nakuru, Nyakio apate daktari wa kifua.

Lakini mahindi yakiisha, njoo usage. Njoo mchana, na koti lako, upange foleni kama watu wengine. Na siku ukifika ukamkuta yeye yuko mbele yako, usiseme kitu, niangalie tu. Nitazima injini, hata Kipkorir akiwa amesimama pale mlingotini anasikiliza.

Jebet